Kutunza siga nyumbani Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siga tunazozungumzia hapa ni zile sigara nene zinazosokotwa kwa mkono kwa majani mazima ya tumbaku. Joto limeandikwa kwa nyuzi za Selsiasi. Tukisema "unyevu" tunamaanisha unyevu wa hewa kwa asilimia, kama unavyosomeka kwenye kipimo. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Siga inataka unyevu na joto kiasi gani?

Unyevu wa asilimia 65 hadi 69 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Siga za Kuba wengi huziweka chini kidogo, 62 hadi 65, kwa sababu zikishiba maji huvutika kwa shida. Za Nikaragua, Hondurasi na Jamhuri ya Dominika hutulia vizuri kwenye 65 hadi 69.

Unyevu ukikaa juu ya 72 kwa muda mrefu unakaribisha ukungu. Ukishuka chini ya 60 siga huanza kupoteza harufu, na jani la nje hupasuka pale unapokata kichwa, yaani upande wa kuwekea mdomo. Joto likipita 24 hatari kubwa ni fukusi (swali la 19).

2. Kwa nini zisikae tu kabatini kama sigara za pakiti?

Sigara ya pakiti huvutwa ndani ya siku chache baada ya kufunguliwa na haina jani la nje la kutunza. Siga hukaa miezi, pengine miaka, na tumbaku yake hunyonya na kutoa maji kufuata hewa inayoizunguka. Jani la nje ni jembamba kuliko yote, kwa hiyo ndilo linalovimba na kunywea kwanza. Likifanya hivyo kila siku, mshono unaachia.

3. Kipi muhimu zaidi, namba yenyewe au kutoyumba?

Kutoyumba. Siga inayokaa kwenye 63 mwaka mzima itakuwa na hali nzuri kuliko inayopanda hadi 74 usiku na kushuka hadi 60 mchana, ingawa wastani wa hiyo ya pili unaonekana mzuri ukiuandika kwenye karatasi.

Sababu ni hesabu ya maji. Hewa ya nyuzi 20 ikijaa kabisa hubeba takriban gramu 17 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Boksi la lita 10 lenye unyevu wa 65 lina basi gramu 0.1 tu ya maji kwenye hewa yake. Siga 50 zenye uzito wa gramu 10 kila moja zina makumi ya gramu za maji ndani ya majani yake. Kwa hiyo hewa ya boksi haiongozi siga; siga ndizo zinazoongoza hewa, ilimradi boksi limefungwa sawasawa. Boksi lililojaa hutulia lenyewe. Boksi kubwa lenye siga tatu hupelekwa huku na kule na kila badiliko la nje.

Hapo ndipo mambo matatu ya kushika yanapotoka: chombo kisichopitisha hewa, chombo kinacholingana na idadi ya siga, na kukifungua mara chache. Ukiyapata hayo matatu, vifaa vya bei havina kazi kubwa ya kufanya.

4. Hali ya hewa ya Arusha na Moshi inabadilisha nini?

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini yake, kati ya mita 800 na 900. Tofauti hiyo inatosha kubadilisha shida. Arusha, joto la ndani ya nyumba kwa sehemu kubwa ya mwaka linakubalika bila mashine yoyote. Kinachosumbua ni mchana na usiku kutofanana, hasa kuanzia Juni hadi Agosti usiku unapokuwa wa baridi, na pia Januari na Februari hewa ya mchana inapokauka. Moshi kinachosumbua ni joto lenyewe, zaidi kuanzia Desemba hadi Machi, na fukusi wanaolifuata.

Masika ya Machi hadi Mei ni kipindi cha kuwa macho kote kuwili. Nguo kabatini hunuka unyevu, na boksi lenye kifuniko kibovu hupanda juu ya 75 bila mtu kuongeza tone la maji.

Mtaa nao una neno lake. Nyumba ya Sakina au Ilboru, kwenye mteremko wa Meru, ni baridi na yenye unyevu kuliko ya Kisongo, ambako hewa ni kavu na vumbi haliishi. Vivyo hivyo Kibosho na Marangu si sawa na Moshi mjini, na ukishuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC joto linaongezeka. Usinakili namba za mtu wa mtaa mwingine. Weka kipimo chumbani kwako wiki moja kabla ya kununua kitu chochote.

## Chombo

5. Ni lazima ninunue sanduku la mbao?

Hapana. Sanduku la mbao linapendeza mezani, lakini kwa kutunza tu, boksi la plastiki la chakula lenye raba kwenye kifuniko na vibano pande nne hulishinda. Mbao hupitisha unyevu kidogo kidogo, na kifuniko cha bawaba hakibani kama raba. Chupa ya kioo yenye raba na kibano cha waya nayo inafaa kwa siga chache, ukiikinga na mwanga.

Kwa siga zaidi ya 100, kuleri ya plastiki ya kubebea vinywaji ni chaguo zuri kuliko yote katika nyumba za huku. Kuta zake nene hupunguza makali ya joto la mchana na baridi ya usiku kwa pamoja. Chukua mpya. Iliyowahi kubeba samaki haitoki harufu hiyo kamwe, hata uioshe kwa nini.

6. Boksi la plastiki linaandaliwaje?

Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato, suuza mara mbili, kisha liache wazi kivulini siku mbili tatu hadi harufu ya plastiki iishe. Kama bado linanuka, tupia baking soda kavu vijiko viwili vya chakula ndani, funga usiku kucha, kisha futa.

Weka chini vipande vya mbao za mwerezi vinavyotoka kwenye maboksi ya siga, au boksi lenyewe la siga likiwa wazi. Mbao hizo hunyonya unyevu unapozidi na kuurudisha unapopungua. Juu yake panga siga zikiwa zimelala, acha pakiti ya unyevu (swali la 10) upande mmoja na kipimo upande wa pili. Siga zichukue nusu hadi robo tatu ya nafasi. Funga, usifungue kwa siku tatu, ndipo usome kipimo.

7. Nikimpa seremala wa hapa kazi ya sanduku, achague mbao gani?

Kwa ndani, sedrela, yaani Cedrela odorata, ndiyo mbao inayotumika duniani kote. Wengi huuita mwerezi wa Uhispania, ingawa asili yake ni Amerika ya kitropiki. Mti huu uliletwa Tanzania zamani na umestawi kupita kiasi: katika msitu wa hifadhi wa Kimboza, Morogoro, unahesabiwa kuwa mti vamizi. Kwa hiyo kuuliza sedrela kwa wauza mbao si kuuliza kitu cha ajabu. Usipoipata, mkangazi uliokaushwa vizuri unafaa. Ni wa familia moja na sedrela na harufu yake ni ya upole.

Angalizo moja hapa lina uzito: mtarakwa, ule mwerezi wa milima yetu, usiutumie kwa ndani. Utomvu wake una harufu kali inayoingia kwenye tumbaku na haitoki. Mbao za kamfa ya Usambara nazo vivyo hivyo, na paini pia. Kwa nje weka utakacho, mninga au mvule.

Mwambie seremala mambo manne: mbao zikauke kabisa kabla ya kukatwa, ndani kusipakwe vanishi wala rangi yoyote, viungo vya pembe vibane bila kutegemea misumari, na kifuniko kiwe na ukingo unaoingia ndani ya sanduku angalau sentimita 1. Gundi ya maji ya seremala inatosha, ila sanduku likae wazi wiki mbili harufu yake iishe.

8. Sanduku jipya la mbao naliandaaje kabla ya kuweka siga?

Mbao kavu zitanyonya maji kwenye siga zako kama hukuzishibisha kwanza. Njia isiyo na wasiwasi ni pakiti za unyevu za asilimia 84, gramu 60 kila moja: ziweke ndani ya sanduku tupu, funga, acha siku 14. Sanduku la siga 50 linataka pakiti mbili.

Usipozipata, weka kisosi chenye maji yaliyokenekwa ("distilled water", swali la 11) juu ya karatasi ya plastiki, ili yasiguse mbao, funga siku 7 hadi 10, kisha toa kisosi na acha sanduku limefungwa siku mbili zaidi. Kipimo kikitulia kati ya 65 na 72, liko tayari. Watu wengine hufuta mbao kwa kitambaa chenye maji ili kuharakisha; mbao hupinda na kifuniko hakibani tena.

9. Nitajuaje kama kifuniko kinavujisha?

Kata ukanda wa karatasi ya gazeti, ubane na kifuniko, kisha uvute. Ukitoka bila kukwama, hapo pana upenyo. Rudia kila pembe na katikati ya kila upande. Kwa sanduku la mbao, washa tochi ya simu ndani, funga, zima taa za chumba na utazame mstari wa mwanga. Upenyo mdogo kwenye sanduku la mbao unazibika kwa mkanda mwembamba wa sponji usio na harufu. Kwa boksi la plastiki, usihangaike, badilisha boksi.

## Unyevu

10. Ninunue pakiti za unyevu za asilimia ngapi, na ngapi?

Pakiti za njia mbili, kama Boveda, hutoa maji hewa ikikauka na kuyanyonya yakizidi. Kwa chombo cha plastiki au kuleri chagua 65. Hakivujishi, hivyo utapata karibu namba iliyoandikwa. Kwa sanduku la mbao chagua 69, maana mbao hula pointi kadhaa. Za 72 zina maana kwenye sanduku linalovuja katika sehemu kavu, na bora kuliko kununua hizo ni kurekebisha kifuniko.

Kadiria pakiti moja ya gramu 60 kwa kila nafasi ya siga 25, hata kama siga zenyewe hazijafika 25. Ndogo za gramu 8 ni za mirija na mifuko ya safari. Kuzidisha idadi hakuongezi unyevu juu ya namba iliyoandikwa, hufanya zidumu zaidi tu. Kitu ambacho hakitakiwi ni kuchanganya 65 na 72 ndani ya boksi moja: moja itakuwa inatoa na nyingine inanyonya hadi zote ziishe.

11. Je, kwenye sponji naweza kutia maji ya bomba, ya chupa, au maji ya betri?

Ya bomba hapana. Maji ya Arusha na vitongoji vyake yanajulikana kwa madini, hasa floridi itokayo kwenye miamba ya volkano, na madini hayo hubaki kwenye sponji kama ukoko mweupe unaoziba vitundu. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi madini. Ya chupa ya kunywa yana madini pia, hata kama ni machache.

Yanayotakiwa ni maji yaliyokenekwa; kwenye chupa huandikwa "distilled water", na duka la dawa lililo kubwa kidogo huwa nayo. Kuhusu maji ya betri, kuwa mwangalifu sana. Kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri jina hilohilo hutumika kwa vitu viwili: maji safi ya kuongezea kwenye betri, na asidi ya kujazia betri mpya. Asidi ni salfuriki. Kama chupa haijaandikwa wazi kilichomo, iache dukani.

Ukiwa na sponji, bora maji yachanganywe nusu kwa nusu na propilini glaikoli, ambayo hushikilia unyevu karibu na 70 na kuzuia ukungu kwenye sponji. Baada ya kujaza mara moja, ongeza maji matupu tu; glaikoli haikauki, na ukiiongeza kila mara sponji inaziba.

12. Kipima unyevu changu kinasema kweli?

Usikiamini kabla ya kukijaribu kwa chumvi. Vya mshale vinavyokuja na masanduku hukosea pointi 10 kirahisi, na vya kidijitali vya bei ndogo hukosea hadi 5.

Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kijaze chumvi ya mezani, dondoshea maji matone machache hadi ilowe na kuwa kama mchanga uliomwagiwa maji, isielee. Weka kifuniko hicho na kipimo ndani ya mfuko wa zipu, acha hewa kidogo, funga, uweke mbali na jua kwa saa 24. Chumvi iliyolowa hivyo huweka hewa kwenye asilimia 75, iwe nyuzi 20 au 30. Soma bila kufungua mfuko. Kikisoma 71, kipimo kinasoma chini kwa 4. Andika "+4" kwa kalamu mgongoni mwake. Rudia kila baada ya miezi sita na kila ukibadilisha betri.

13. Kama chumvi inashika 75, kwa nini nisiiache humo humo moja kwa moja?

Kwa sababu 75 ni juu mno, na chumvi hutambaa: hupanda kingo za chombo, hukauka, na kumwagika juu ya siga. Kwa jaribio la swali la 12 inafaa sana, kwa kutunza haifai.

14. Pakiti imekuwa ngumu. Naitupa?

Ikiwa ngumu kote kama kipande cha plastiki, imekwisha. Ikiwa na chembe ngumu huku bado inateleza ndani, ina muda. Njia ya uhakika ni mizani ya jikoni: ipime ikiwa mpya, andika uzito na tarehe juu yake. Uzito ukikaribia nusu, agiza nyingine. Wapo wanaozirudishia maji kwa kuziweka ndani ya boksi tupu lililofungwa pamoja na bakuli la maji yaliyokenekwa hadi uzito urudi. Inafanya kazi mara moja au mbili, kisha ngozi yake huchoka, na ikipasuka chumvi yake huharibu siga zote zilizo chini. Kamwe usiitumbukize majini.

## Joto na mahali

15. Ndani ya nyumba niweke wapi?

Ndani ya kabati la nguo, sehemu ya chini, kwenye chumba kisicho na jua la jioni, ukutani mwa ndani. Kama nyumba imeezekwa bati na haina dari, rafu ya juu ni mahali pabaya kuliko pote: joto la bati hushuka moja kwa moja juu yake. Weka boksi juu ya kipande cha ubao au kitambaa kikunjwe, si moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, na liache sentimita 5 kutoka ukutani. Ukuta wa nje hupoa usiku, na upande wa boksi unaougusa hutoa matone kwa ndani.

Kuhusu kabati: toa vidonge vya nafthalini. Harufu ya dawa ya nondo hupenya mbao na selofeni, na siga inayonuka hivyo haivutiki tena. Udi, manukato, sabuni ya unga na mkaa vikae chumba kingine. Stoo ya jikoni nayo hapana, kwa sababu ya viungo na kwa sababu fukusi wa tumbaku hula pia pilipili kavu na viungo vingine.

16. Kwenye friji je?

Hapana, isipokuwa kwa kazi ya swali la 19. Friji ya nyumbani ni baridi mno, hukausha hewa, na harufu ya kitunguu huingia kila kitu.

17. Moshi Februari nyumba yangu inafika nyuzi 28. Nifanyeje?

Anza na kuleri kwenye chumba chenye kivuli, boksi la plastiki lililofungwa likiwa ndani yake. Kati ya kuta za kuleri na boksi weka chupa mbili za lita 1.5 za maji ya baridi, yaliyotoka kwenye friji na si barafu, uzibadilishe asubuhi. Barafu hushusha upande mmoja kwa ghafla na kuleta matone. Boksi la ndani lisifunguliwe wakati wa kubadilisha.

Mwenye siga nyingi na umeme wa uhakika anaweza kununua friji ndogo ya mvinyo, kuiweka kwenye 18, na bado siga zikae ndani ya boksi lililofungwa humo, kwa sababu feni yake hukausha. Zile ndogo zisizo na kompresa hazipozi zaidi ya nyuzi kadhaa chini ya joto la chumba, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Usipokuwa na lolote kati ya hayo, siga hazitakufa kwa nyuzi 28 peke yake. Zigandishe kwanza zote (swali la 19), kisha tumia pakiti za 62 au 65. Joto kubwa na unyevu mdogo kidogo huvumilika. Joto kubwa na unyevu mkubwa ndilo jozi linaloleta fukusi na ukungu kwa pamoja.

18. Umeme ukikatika siku nzima, ziko hatarini?

Kwa boksi au kuleri, hapana, havitumii umeme. Kwa friji ya mvinyo, acha mlango umefungwa. Joto litapanda polepole.

## Mambo yakiharibika

19. Siga ina vitundu vidogo vya mviringo. Ni nini?

Fukusi wa tumbaku, Lasioderma serricorne: mdudu wa kahawia, milimita 2 hadi 3, kichwa kimeinama chini ya mgongo. Mayai huweza kuwamo tangu shambani au kiwandani. Chini ya nyuzi 20 hayaendelei kwa maana. Joto likipita 24 huanguliwa, funza hula njia ndani ya tumbaku, na mdudu hutoka kwa kutoboa jani la nje, akiacha tundu safi na unga wa kahawia chini.

Siku hiyohiyo toa siga zote. Gonga kila moja polepole juu ya karatasi nyeupe. Inayomwaga unga itupe nje ya nyumba, ikiwa imefungwa. Zilizobaki ziweke kwenye mifuko miwili ya zipu, mmoja ndani ya mwingine, hewa imekamuliwa. Ziweke kwenye friji saa 24, kisha kwenye friza. Friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri inahitaji siku 3. Ile ya nyumbani ya 18 chini ya sifuri ipe 5. Umeme ukikatika saa kadhaa katikati, anza kuhesabu upya. Rudisha kwenye friji saa 24, kisha chumbani saa 24, na hapo ndipo ufungue mifuko. Ukiruka hatua ya friji, jani la nje hupasuka; ukifungua mapema, matone hutua juu yake.

Boksi lifute kwa kitambaa kikavu, vuta unga wote pembeni, na vibao vya mbao navyo vipitie friza.

20. Kuna weupe juu ya siga. Ukungu au vumbi la mafuta ya tumbaku yenyewe?

Uchukulie kuwa ukungu. Wenye nywele, wa kijani au bluu, wenye madoa madoa, ni ukungu bila shaka. Ukiwa juu ya jani tu na kidogo, ufute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, tenga siga hiyo wiki tatu kwenye 62. Ukiwa kwenye mguu wa siga, pale pa kuwashia, umeshaingia kwenye majani ya ndani, itupe. Kisha tafuta chanzo: kipimo kisichopimwa, maji ya bomba, au masika na kifuniko kinachovuja.

21. Zimekauka kabisa. Zinarudi?

Umbo hurudi, harufu iliyopotea hairudi. Usizipeleke moja kwa moja kwenye 69. Jani la nje hunywa maji haraka kuliko tumbo lake na kuchanika. Weka wiki 3 kwenye 62, wiki 3 kwenye 65, kisha 69 ukitaka. Zigeuze mara moja kwa wiki.

22. Siga inazimika kila mara na inavutika kwa shida.

Ina maji mengi. Shusha hadi 65 au 62 na usubiri wiki mbili. Ukitaka kuvuta moja kesho, itoe leo, iache kwenye boksi kavu la mbao la siga saa 24. Masika usiiache wazi mezani, itaongeza maji badala ya kupunguza.

23. Kipimo kinapanda mchana na kushuka usiku. Nirekebishe nini?

Ikiwa ni pointi 1 hadi 3, hakuna cha kurekebisha. Boksi likipata joto tumbaku hutoa maji kidogo na kipimo hupanda. Likipoa maji hurudi. Ikiwa ni zaidi ya 5, kwanza pima kifuniko (swali la 9), pili hamisha boksi (swali la 15), tatu punguza ukubwa wa chombo au ongeza vibao vya mbao. Usiongeze maji kwa sababu kipimo kimesoma chini usiku mmoja. Soma saa ileile kila siku, asubuhi, na amua kwa wiki.

## Hali za pembeni

24. Nivue selofeni?

Hiari yako. Selofeni hupitisha unyevu polepole, hulinda jani la nje lisichubuke, na hubakisha fukusi mahali pamoja. Mirija ya aluminiamu fungua kifuniko, au unyevu hautaifikia siga.

25. Siga za vanila au kahawa zikae na nyingine?

Zitengee boksi lake. Wiki chache zinatosha kwa nyingine kunuka vanila.

26. Nikienda nazo Serengeti au Ngorongoro?

Boksi dogo gumu lenye raba, pakiti ya gramu 8, siga zisicheze ndani. Gari lililofungwa juani ndilo adui. Boksi likae chini ya kiti, si kwenye dashibodi, na ukishuka shuka nalo. Kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200, usiku ni baridi: ukiingia nalo kwenye chumba chenye moto, subiri saa moja kabla ya kulifungua.

27. Nimeletewa siga kupitia uwanja wa ndege wa KIA. Nizichanganye na zangu mara moja?

Hapana. Zigandishe kama swali la 19, kisha zipumzike wiki mbili kwenye boksi la peke yake. Na kwa forodha, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri wa miaka 18 na zaidi kuingia na tumbaku ya aina zote isiyozidi gramu 250 bila ushuru. Kwa siga nene, hiyo ni kama 20 hadi 25.

28. Nimepewa boksi lililokaa miaka mingi kwa mtu. Nianzie wapi?

Nusa kwanza. Harufu ya dawa ya nondo au ya ukungu wa chumba haitoki, usipoteze pakiti. Kama harufu ni ya tumbaku au mbao, kagua vitundu na ukungu (19 na 20), gandisha siku 5, kisha fuata ratiba ya swali la 21 bila kuruka hatua, hata kama siga haionekani kavu. Ukishamaliza, vuta moja kabla ya kuzipa nafasi pamoja na zile unazozitunza.